Khaemba Asiyekuwa na Wimbo

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, mtu ambaye kwa kawaida hunitumia video za ng'ombe tu. Leo katuma kitu cha maana. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yule mtu wa kazini au nyumbani kwako ambaye anafanya kazi kubwa na hakuna anayemwona.

Palikuwa na kijana aitwaye Khaemba, mzaliwa wa Chwele, mwenye mabega mapana hata milango mingine aliiingia kiubavu. Chuo kikuu alisomea kilimo, lakini waliomjua walimjua kwa raga.

Kama huijui raga, usijali, nitakueleza kidogo tu. Kukitokea kosa dogo mchezoni, wachezaji wanane wa huku na wanane wa kule hushikana mabega, huinamisha vichwa na kusukumana kwa nguvu zao zote. Hiyo ndiyo skramu. Khaemba alikuwa mstari wa mbele kabisa. Kazi yake ilikuwa kusukuma, na pia kumshikilia mwenzake wa katikati asianguke, kwa sababu mtu wa katikati mikono yake yote miwili iko mabegani mwa wenzake, na shingo yake haina wa kuilinda ila wao. Mpira wenyewe Khaemba aliugusa kwa nadra. Waliokimbia nao wakapigiwa makofi walikuwa wengine.

Chuoni jambo hilo halikumsumbua. Makocha wa mbali walikuja kumtazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na kila mtu akasema kijana huyu atafika. Alipomaliza masomo akaitwa na Radi, timu pekee upande ule wa nchi iliyokuwa ikiwalipa wachezaji mshahara wa kila mwezi.

Wakati huohuo serikali ya kaunti ilikuwa imempa kazi ya afisa wa kilimo. Baba yake alitaka aichukue, tena bila kuchelewa. Khaemba akamwomba msimu mmoja tu. Mzee akakubali shingo upande, akasema ukiisha msimu bila jambo la maana, mtoto arudi nyumbani na mambo ya kuvunjana mbavu yaishie hapo.

Sasa sikiliza desturi ya Radi. Pale kila mchezaji ana wimbo wake, uliotungwa na mashabiki. Akigusa mpira, wanauimba. Mwenye timu, tajiri mmoja wa mbao aitwaye Mzee Shitandi, aliamini kwamba watu hulipa kiingilio ili waje kuimba, wala si kutazama. Kwa hiyo alikuwa na sharti moja kwa wachezaji wapya. Baada ya mechi ya mwisho ya msimu alishika kipaza sauti, akataja majina yao mmoja mmoja mbele ya umati. Aliyeimbiwa, alibaki. Aliyenyamaziwa, alipewa mkono wa kwaheri. Na ilikuwa mwiko mchezaji kujitungia wimbo au kutungiwa na wenzake wa timu.

Wewe na mimi tunajua hilo ni sharti la ajabu. Lakini timu ilikuwa yake.

Msimu ukaanza, na Khaemba akasukuma. Timu nyingine zilirudishwa nyuma kila skramu. Mpira ukatoka safi, ukamfikia winga aitwaye Mudogo, mchezaji mpya kama yeye, aliyesoma naye chuo kimoja, naye Mudogo akakimbia akafunga. Umati ukamwimbia Mudogo. Kabla msimu haujafika katikati, Mudogo alikuwa na nyimbo tatu, na moja ilikuwa na kiitikio cha akina mama. Khaemba hakuwa na hata mstari mmoja. Mashabiki, Mungu awasamehe, skramu ikipigwa ndipo walipogeuka kununua mahindi ya kuchoma.

Iliuma. Usifikiri mtu mkubwa haumii. Alikuwa akirudi chumbani kwake akiwa amechubuka masikio yote mawili, anajiuliza anamsukumia nani.

Mudogo alimhurumia, akampa ushauri. Alimwambia asijichoshe mle ndani. Skramu inayofuata aachie mapema kidogo, ajitokeze pembeni, yeye atampasia mpira, afunge trai moja tu, lile bao la raga, watu wamwone. Khaemba alikataa kwanza. Halafu akahesabu mechi zilizobaki, akakubali.

Basi siku hiyo skramu ilipigwa karibu na mstari wa wapinzani. Khaemba akaachia mkono, akachomoka, akapokea mpira na kuanguka nao ng'ambo ya mstari. Trai! Uwanja ukalipuka. Papo hapo mtu akaanzisha wimbo, kitu fulani kuhusu lori la miwa lililokatika breki, na watu wakaitikia. Khaemba aliinuka akiwa na matope mdomoni na furaha ambayo hakuwahi kuijua.

Kisha akageuka. Skramu ilikuwa imeangukia upande aliouacha. Chini ya rundo la watu alikuwa Ogola, mtu wa katikati, ambaye kumshikilia ilikuwa kazi ya Khaemba. Walipomwondolea watu hakuinuka. Alibebwa kwa machela, shingo imefungwa.

Daktari alisema mshipa umevutika vibaya, lakini atapona, na kwamba ameponea chupuchupu. Khaemba alikwenda hospitalini, akasimama miguuni mwa kitanda. Ogola hakumfokea. Laiti angemfokea.

"Uliponiachia nilijua kabla sijaanguka," Ogola alimwambia. "Siku nyingine ukitaka kwenda, niambie mapema, nami nitoke."

"Sitakwenda tena," Khaemba akasema.

"Na wimbo wako?"

Khaemba alitoka nje kwenye korido, akalia, na wala hakujali nani anapita.

Tangu siku ile hakuachia tena. Mudogo alimpigia mluzi pembeni, hakutoka. Umati ulimngoja yule wa lori la miwa, ukachoka kumngoja. Wiki chache tu, wimbo wake ukafa, kwa sababu wimbo usiopewa sababu ya kuimbwa husahaulika upesi. Khaemba alijua anachokipoteza. Kila alipoinama alijua. Akaendelea kushikilia.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Faru, wapinzani wakubwa wa Radi. Karibu na mwisho, kijana mpya wa Faru aliyetoka benchi aliteleza katikati ya skramu, akiwa ana kwa ana na Khaemba. Kumpita juu yake kulikuwa rahisi, na pengine mpira ungemfikia Khaemba mwenyewe. Badala yake, kama alivyozoea kwa yeyote aliyeteleza mbele yake tangu siku ya Ogola, aliacha kusukuma, akakamata jezi ya yule kijana na kumning'iniza pale mpaka refa alipopuliza filimbi. Hakuna shabiki aliyeona. Mahindi siku hiyo yalikuwa matamu.

Radi walishinda. Wachezaji wa timu zote mbili wakapanga mistari uwanjani, kama ilivyo kawaida ya raga, wakapeana mikono. Mzee Shitandi akashika kipaza sauti.

Akamtaja Mudogo. Nyimbo zote tatu zikaimbwa, na akina mama hawakukosa zamu yao. Akataja wengine wawili, nao wakaimbiwa. Kisha akasema, "Khaemba."

Kimya. Watu wakatazamana. Mmoja alijaribu kuukumbuka ule wimbo wa lori, akakwama mstari wa kwanza, akaacha. Ogola, aliyekuwa amekwisha kurudi timuni, alifungua mdomo, lakini Mzee Shitandi akamnyooshea kidole kumkumbusha mwiko. Akafumba.

Khaemba alisimama katikati ya uwanja na mikono yake mikubwa isiyojua pa kukaa. Hakuinamisha kichwa. Alianza kutembea kumwendea Mzee ili apewe mkono wake wa kwaheri.

Hapo mtu akatoka kwenye mstari wa Faru. Alikuwa Nzioki, nahodha wao, jitu la kutisha lenye pua iliyovunjika zaidi ya mara moja.

"Mzee, samahani," akasema. "Huyu ana wimbo."

Mzee Shitandi akamwambia kwamba hajausikia.

"Utausikiaje, na sisi huuimba tukiwa tumefunga mlango? Tunauimba kila tukijua tutakutana na ninyi. Sasa nasikia timu nyingine nazo zinauimba. Mwiko wenu umewakataza wenzake. Je, na sisi wageni tumekatazwa?"

Mzee alifikiri. Akasema hapana, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Nzioki akawageukia watu wake, akahesabu mapigo kwa kugonga mguu chini, na wanaume wa Faru, wakiwa wametapakaa matope, wakaanza kwa sauti nzito:

*Mama niwekee maji ya moto,*
*leo naenda kwa Khaemba.*
*Atanisukuma hadi kwao Chwele,*
*atanisukuma hadi kwao Chwele,*
*lakini hataniangusha,*
*Khaemba hataniangusha.*

Yule kijana aliyeteleza aliuimba kuliko wote, akiwa amefumba macho.

Umati ulicheka kwanza, kwa sababu wimbo unachekesha. Halafu kicheko kikapungua, watu wakaanza kuyasikia maneno. Shabiki mmoja wa kike wa jukwaa la nyuma akawauliza Faru, kwa sauti ya kulalamika kidogo, ilikuwaje wao wageni wamjue mtu wa Radi kuliko Radi wenyewe.

Nzioki akamjibu, "Mama, ninyi mlikuwa mnautazama mpira. Sisi tulikuwa tunamtazama yeye. Hatukuwa na pengine pa kutazama."

Mama yule aliuanza wimbo upya, peke yake, kwa sauti ya kanisani. Waliokaa karibu wakamsaidia. Ukashuka jukwaa, ukazunguka uwanja, na ulipofika kwa Mzee Shitandi ulikuwa mkubwa kuliko nyimbo zote tatu za Mudogo zikijumlishwa. Mudogo mwenyewe alikuwa akiuimba. Mzee alijaribu kutaja jina lililofuata, hakusikika, akazima kipaza sauti akapiga makofi kama mtu mwingine yeyote.

Khaemba alijifunika uso kwa jezi. Ogola akaja akamshika bega, wakasimama hivyo.

Siku hizi skramu ikipigwa uwanja wa Radi, hakuna anayenunua mahindi. Watu husimama. Watoto wadogo wakiulizwa wanataka kuwa nani, hawasemi tena wote kwamba wanataka kuwa winga.

Na baba yake? Mzee alikuwa uwanjani siku ile, ingawa hakuna aliyejua. Alikuwa amekuja na pikapu ya kuazima kuchukua godoro na masanduku ya mwanawe. Wanasema aliondoka jioni ile na pikapu tupu, akiuimba ule wimbo vibaya, njia nzima mpaka Chwele.

Funzo: Usiache kumshikilia mwenzako ili upate kuonekana. Wanaotazama kwa mbali huenda wasikujue kwa muda mrefu, lakini waliowahi kukutana na nguvu zako na wasiumizwe nazo wanakujua, na siku moja watakusemea.