Hotuba Ndefu ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kukaribishana chai, dimbwi la maji matamu lilikuwa moja tu. Siku moja Kiboko akaamua liwe bafu lake. Peke yake! Mwenye mwili mkubwa ana haki kubwa, alisema. Na nyama zile zote, nani atambishia?

Pimbi alizipata habari hizo akiwa anaosha sufuria. Sufuria ikamponyoka, pa! Alikuwa na watoto wanne, na maji mengine yalikuwa kule mtoni, kwa mamba. Naye Pimbi mnamjua, ukimwona kwa mbali utadhani panya aliyeshiba.

Sasa, wanyama hao walikuwa na desturi. Ukitaka jambo, unalisema barazani. Ukimaliza, mwenyekiti, Bibi Korongo, anamchagua msikilizaji mmoja arudie ulichoomba. Kikirudiwa, kura zinapigwa. Kisiporudiwa, ombi limekufa hapohapo, wala hulileti tena. Desturi nzuri hiyo! Ingekuwepo leo, mikutano mingapi ingekwisha kabla ya chai?

Pimbi akajifunga kanga, huyo, mpaka kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu. Nani huyo? Mbona simwoni mtu?"

"Niko huku chini, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kulilia maji?"

"Mimi? Aka! Nimekuja kukusaidia hotuba. Nasikia kesho utasimama useme, 'Nataka dimbwi,' basi, ukae. Maneno mawili! Mtu mzito kama wewe?"

Kiboko akajikuna kidevu. "Kwani yana ubaya gani?"

"Hayana. Ila ni ya sisi wadogo. Mkubwa haanzi na shida yake kama mwenye njaa. Anasalimia kwanza waheshimiwa wote, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Kisha anaeleza ukoo wake. Halafu anamwaga maneno yasiyoeleweka."

"Yasiyoeleweka?"

"Yakieleweka, watajuaje kuwa umesoma?"

"Ala! Kweli bwana."

"Na usiwatazame machoni. Wewe tazama karatasi yako tu."

"Je, wakipiga miayo?"

"Hiyo ndiyo heshima yenyewe, mzee wangu! Wanafungua vinywa wayameze maneno yako."

Kiboko akafurahi mpaka masikio yakacheza. Akamfungia Pimbi maandazi mawili ya njiani. Pimbi alicheka njia nzima, lakini alipowaona wanawe mlangoni kicheko kikakatika. Itakuwaje huyu bwana akisema vizuri kwa bahati mbaya?

Kesho yake, gu! gu! gu! Kiboko akapanda jukwaani. Akakunjua karatasi ndefu kama mkeka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa naibu mwenyekiti, mheshimiwa mume wa naibu mwenyekiti, waheshimiwa mliofika, waheshimiwa mliotuma udhuru…"

Jua likapanda.

"…itifaki imezingatiwa. Basi kabla sijaanza, naomba nianze kwa kusema kwamba ningependa kusema…"

Nyumbu akalala, khooor! Twiga akalala wima, ndio ustaarabu wake. Fisi akagutuka, akadhani imekwisha, akapiga makofi. Wengine nao wakapiga, maana nani anataka kuonekana alikuwa amelala? Kiboko akaona wamependa, akaongeza na ukoo wa mama yake.

Dimbwi alilitaja mara moja tu, baina ya babu yake wa sita na "mustakabali wa rasilimali majimaji kwa mtazamo mtambuka." Aliyelisikia ni Pimbi peke yake.

Hatimaye Bibi Korongo akafumbua jicho. Akatazama huku, akatazama kule. Akanyoosha mdomo wake mrefu.

"Wewe Pimbi, ndiye uliye macho. Ameomba nini?"

Lo! Pimbi atafanyaje? Akisema, kura zitapigwa, na nani atathubutu kumnyima Kiboko akiwa amemkodolea macho? Akidanganya, ni aibu mbele ya baraza. Akasimama.

"Mwenyekiti, maneno makubwa vile nikiyarudia mimi nitayavunjia heshima. Kinywa kinachoyaweza ni kimoja tu hapa. Ayarudie mwenyewe."

"Amesema kweli!" Kiboko akadakia, kifua mbele. "Nani mwingine ataweza?"

"Haya," akasema Korongo, "ila weka karatasi chini. Desturi ni kwa kichwa."

"Nilisema… waheshimiwa…"

"Enhe?"

"Itifaki… imezingatiwa…"

"Ukaomba nini?"

"Niliomba… kwa maneno mazito sana!"

"Yapi?"

"Mazito!"

Baraza zima likaangua kicheko, kwa kwa kwa! Hata Twiga akaamka. Ombi la Kiboko likafa papo hapo.

Ndipo Pimbi akapanda juu ya jiwe. Akawatazama mmoja mmoja mpaka wakatulia.

"Wanangu wana kiu, na wenu pia. Dimbwi liwe letu sote."

Akashuka. Korongo hakuwahi hata kuchagua mtu, baraza zima likapaza sauti: "Dimbwi liwe letu sote!" Kura zikapigwa, zikatosha.

Kiboko akamfuata Pimbi, amenuna. "Wewe mbona umesema maneno machache hivyo?"

"Mimi mdogo, mzee wangu," akasema Pimbi. "Sina hotuba. Nina neno tu."

Hekaya yangu naitua hapa, wanangu: anayetaka neno lake libebwe na watu, asiwatwike mzigo.