Fisi Asiyeenea Kwenye Picha

Paukwa!

Pakawa!

Siku ile walikuwepo nani?

Wataje, tuwajue!

Alikuwepo Bi Pimbi, mpiga picha. Alikuwepo Mashavu, mwanawe wa pekee, bado ananyonya. Alikuwepo mzee Kobe, jirani. Alikuwepo Kanga, mama mwenye vifaranga na maneno mengi. Alikuwepo Fisi, ambaye hakualikwa na mtu. Na jua lilikuwepo, jua la kiangazi, halina hata wingu la kujifutia uso.

Haya, sikilizeni.

Bi Pimbi alikuwa na studio yake ndani ya pango la mawe. Ndani ya pango palikuwa na kigoda kimoja. Nyuma ya kigoda palining'inia kitambaa cha maua. Kila mnyama aliyekuja alikaa kwenye kigoda kilekile, mbele ya kitambaa kilekile, akaambiwa maneno yaleyale:

"Kidevu juu. Mikono magotini. Usicheke. Usipepese."

Ka-chwa! Kamera ikatema picha.

Swala alitoka hivyo. Ngiri alitoka hivyo. Hata bibi harusi wa kina Sungura alitoka hivyo, amekodoa macho kama aliyeletewa habari za msiba.

Mzee Kobe alikuwa akimwambia, "Mwanangu, toka nje siku moja. Nje kuna mwanga wa bure."

"Nje kuna tai, mzee wangu."

"Ni kweli, tai yupo."

"Basi."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kobe hakumlaumu. Alijua kwamba dada yake Bi Pimbi alitoka asubuhi moja kuota jua, tai akashuka. Tangu siku ile Bi Pimbi hakuvuka mlango wa pango ila kuchuma majani na kurudi mbio.

Sasa, bondeni palikuwa na kisima kimoja, na Fisi alikuwa amekikalia. Mnyama akitaka maji, apeleke kwanza chakula. Asiye na chakula alirudi na kiu yake.

Alasiri moja, chopi, chopi, chopi, Fisi akaingia pangoni. Hodi alipiga akiwa ameshakaa kwenye kigoda.

"Nataka picha," akasema. "Nitaitundika kisimani. Atakayekuja aone ukubwa wangu akimbie, hata kama nimelala."

"Kidevu juu," alisema Bi Pimbi. "Mikono magotini. Usicheke. Usipepese."

Ka-chwa!

Fisi akaitazama picha. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Huyu ni mimi au ni mbuzi mgonjwa?"

"Ndivyo picha zangu zilivyo, bwana."

"Basi zibadilishe! Kesho jua likichomoza, njoo kisimani unipige nikiwa mkubwa kuliko tembo. Na ili usipitiwe na usingizi..." Akamnyanyua Mashavu kwa ngozi ya shingo. "Picha ikinipendeza, chukua mtoto wako. Isiponipendeza, nyama laini kama hii mimi huwa hata sitafuni."

Chopi, chopi, chopi, akaenda zake na mtoto wa watu.

Bi Pimbi alipiga kelele mpaka mawe yakaitikia. Maziwa yakamjaa kifuani na wa kuyanyonya hayupo. Akajishika tumbo, akakaa chini.

Kanga akaja bila kuitwa.

"Shoga yangu, nimesikia," akasema. "Kupigana sijui. Lakini shingo yangu inajua kutazama juu. Mimi nitatazama mbingu, wewe utazame kamera yako."

Kobe naye akaja, pole pole.

"Na mimi nitakaa unipige picha mpaka mkono wako uzoee huko nje. Kukaa ndiyo kazi niliyosomea."

Bi Pimbi akaweka mguu mmoja nje ya pango.

"Mbingu nyeupe!" akasema Kanga, yaani tai hayupo.

Akaweka mguu wa pili.

"Mbingu nyeupe, shoga!"

Akaenda hatua kumi. Nje hapakuwa na kigoda, hapakuwa na kitambaa. Hakujua aanzie wapi. Picha ya kwanza ilitoka nyasi tupu. Picha ya pili, Kobe hana kichwa.

"Hata mimi siku nyingine sina," Kobe akamfariji.

Bi Pimbi akalala kifudifudi kwenye vumbi, akapiga. Ka-chwa! Kobe akatoka mkubwa kama kilima. Akapanda juu ya jabali, mbali, akapiga. Ka-chwa! Kobe akatoka mdogo kama punje ya kunde.

"Mzee wangu! Ni wewe yuleyule?"

"Ni mimi yuleyule. Aliyehama ni wewe."

Hapo Bi Pimbi akacheka kidogo, machozi yakiwa bado hayajakauka.

"Ila hebu hama tena upande ule," Kobe akaongeza. "Umesimama kwenye jua. Nikikutazama naona madoa meusi tu."

"Kweli? Mimi jua haliniumi."

"Nyinyi pimbi Mungu kawapa macho ya peke yenu. Sisi wengine tunapofuka."

Bi Pimbi akageuka. Akalitazama jua. Akamtazama Kobe.

Asubuhi, jua likichomoza nyuma ya mawe ya pango, Bi Pimbi alikuwa kisimani. Kanga alikuwa juu ya kichuguu. Kobe alikuwa katikati ya uwanda, katulia kama jiwe lililosahauliwa. Fisi alikuwa amejisimika kando ya maji, na mkononi mwake alikuwepo Mashavu, hai, sauti imemkauka kwa kulia.

Bi Pimbi hakumkimbilia. Alitaka, lakini hakumkimbilia. Akashika kamera.

Na jueni hili, wasikilizaji: hakuna mnyama, awe mkali namna gani, asiyemtii mpiga picha.

"Tazama huku, jua linapotoka," akasema Bi Pimbi. "Kidevu juu."

Fisi akainua kidevu.

"Kifua mbele."

Fisi akatoa kifua.

"Mikono magotini."

"Mkono mmoja nimemshika mtoto."

"Bwana, umeona wapi picha ya mkubwa asiyeweka mikono magotini?"

Fisi akafikiri. Kweli, picha zote alizowahi kuona katika bonde lile zilikuwa na mikono magotini. Akaweka mkono mmoja, akaweka na wa pili. Mashavu akasimama pale pale, hajui la kufanya.

"Aa! Kivuli cha mtoto kinakukata tumbo, bwana. Tumbo zuri hivyo!"

"We mtoto!" Fisi akafoka bila kugeuza kidevu. "Toka hapo! Unaniharibia picha! Nenda huko kwa mama yako!"

Mashavu akatimua mbio, tika tika tika, moja kwa moja kuelekea kwenye jua, hapepesi, mpaka akajibanza tumboni kwa mama yake.

"Sasa nitazame mimi," akasema Bi Pimbi. "Usicheke. Usipepese."

"Jua linaniuma."

"Tembo alivumilia."

"Basi na mimi navumilia!"

"Lo, hujaenea! Masikio yamebaki nje. Narudi nyuma kidogo."

"Rudi!"

Akarudi nyuma hatua kumi.

"Bado hujaenea! Mabega yamebaki nje. Narudi nyuma kidogo."

"Rudi! Mimi mkubwa!"

Akarudi nyuma hatua ishirini, Mashavu miguuni pake.

"Mkia, bwana! Mkia umebaki nje!"

"Rudi, rudi! Usiuache mkia!"

Walipofika katikati ya uwanda, Kanga akalia, "Keke! Keke! Kivuli! Kivuli!"

Bi Pimbi akamsukuma Mashavu ubavuni mwa Kobe, akamlalia. Vuuu! Tai akapita juu yao, akaona jiwe moja na vumbi, akaenda zake. Kobe hakupumua. Kanga alihesabu mpaka mia ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Mbingu nyeupe, shoga. Inuka."

Akainuka. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akafika juu ya jabali lake.

"Umeeneaaa!" akaita.

Ka-chwa!

Kule kisimani Fisi bado ametoa kifua. Akangoja. Akangoja. Aliposhusha kidevu, dunia yote ilikuwa madoa meusi. Akapapasa chini kumtafuta mtoto aliyemfukuza mwenyewe, akashika mwiba. "Uuwi!" Akapapasa mpaka kichakani kuyafuta macho.

Pangoni, Mashavu alinyonya bila kufungua macho. Bi Pimbi akahesabu vidole vyake vyote, akahesabu tena. Akashusha pumzi aliyoibeba tangu jana.

Picha ile Kobe aliibeba mgongoni, Kanga akaitundika penye tawi la mgunga kisimani. Wanyama wakaja kuitazama. Uwanda ulikuwa mpana, na katikati yake palikuwa na kitu kidogo kama kupe, kimetoa kifua, mikono magotini.

"Kumbe ndiye huyu?" akasema Swala.

"Sisi tulikuwa tunamwona kwa karibu," akasema Ngiri. "Kwa karibu ni meno matupu."

Wakaingia majini wote kwa pamoja, wakanywa.

Fisi akaja, macho yakimtiririka machozi. Akaikaribia picha, akakaza macho.

"Nani huyu kijidudu kwenye kisima changu? Mleteni nimle!"

"Mle tu, bwana," Kobe akasema. "Ukimla, na sisi tutapumzika."

Wakacheka mpaka maji yakawatoka puani. Fisi akaitazama picha tena, akaitazama mikono ile iliyo magotini, akaelewa. Chopi, chopi, chopi, akavuka mlima. Na mpaka leo jua likiwaka, fisi hujificha.

Wanyama wangu wameenea wote. Aliyebaki nje ya picha, ajiongeze mwenyewe.

Na fundisho lake ni hili: usitoke pangoni kwako. Kigoda kipo, kitambaa kipo, uhangaike na nini? Na mtoto wako akichukuliwa, kaa palepale ulipozoea.

Lakini msimulizi, Bi Pimbi alitoka!

Mmeona basi? Angekaa ndani, asingechafuka vumbi.

Mvua za vuli zilipoanza, Mashavu aliacha ziwa la mama yake.