Ndama Aliyeshiba Uji

Wapendwa, nawaombeni mnitegee sikio kidogo kabla hatujatoka hapa. Mfugaji mmoja aliishi mlimani, kule ambako malisho hayapo na ng'ombe hukatiwa majani na kuletewa bandani. Ng'ombe wake alimpata kwa kikundi cha jirani zake. Mnaujua utaratibu huo: unapewa mtamba mwenye mimba, naye akizaa ndama jike, ndama huyo akishaachishwa maziwa unampeleka kwa jirani anayefuata.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya mfereji, aliyefiwa na mumewe wakati wa masika.

Ng'ombe akazaa, na ndama akawa jike. Yule mfugaji alifurahi kama vile ni wake. Akasema moyoni, "Huyu mama asisubiri. Ndama akiachishwa mapema, atampata mapema." Msimfikirie vibaya, wapendwa. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angewaza vizuri kuliko alivyowaza yeye.

Basi akamtoa ndama kwenye titi angali mchanga kabisa, akampikia uji mzito wa mahindi. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, huyu bado anatafuta titi. Kila nikipita ananinyonya kidole."

"Mwache akue. Huoni anavyolamba ndoo?"

Na kweli alilamba. Tumbo likawa la duara. Jirani mmoja alichungulia bandani akacheka, "Bwana wee, unafuga ndama au pipa?" Mfugaji naye akacheka, akaongeza uji.

Kisha ndama akaanza kuhara. Manyoya yakasimama, macho yakaingia ndani. Mfugaji alipoona anadhoofika, alifanya nini? Alifanya ambacho wewe na mimi tungefanya. Akaongeza uji tena.

Daktari wa mifugo alipokuja, alimkuta ndama amelala ubavu.

"Anakula nini huyu?"

"Uji wa mahindi, daktari. Anamaliza ndoo. Njaa haijui."

"Mzee, huyu anakufa kwa njaa."

"Na tumbo lile?"

"Limejaa kitu asichoweza kukitumia."

"Mahindi yana ubaya gani? Mimi nimekulia mahindi!"

"Mahindi hayana ubaya," daktari akasema. "Utumbo wa ndama mchanga una vimeng'enya vya kuyafanyia kazi maziwa. Vya nafaka bado ni vichache mno. Vinaongezeka taratibu, kadiri mwili unavyokomaa. Kuna homoni zinazotoka kwenye tezi za mwili wenyewe, zinapita katika damu mpaka kwenye utumbo, na hizo husaidia kuuandaa kwa chakula kigumu. Kazi hiyo inafanyika ndani, mzee. Huwezi kuimaliza kwa kujaza ndoo."

Wakamrudishia ndama maziwa kidogo kidogo, wakampa maji yenye chumvi na sukari. Hakuvuka usiku ule.

Asubuhi mfugaji akavuka mfereji. Alimkuta yule mama akimenya ndizi. Akasimama, hakukaa.

"Mama, ndama wako amekufa. Nimemuua mimi, na wala sikumnyima kitu. Nilimlisha nisichojua kama anaweza kukimeng'enya."

Mama akaweka kisu chini. 

"Ya ndama basi," akasema. "Mungu akipenda atazaliwa mwingine. Lakini baba, nikuulize. Siku ile tulipotoka kaburini, ulikaa pale mlangoni. Uliniambia nini?"

"Nilikuambia ujikaze. Kwamba Mungu hakosei, na kwamba watoto wanakutazama wewe."

"Ulisema kweli. Na wenzako waliokufuata walisema kweli. Kila aliyesimama nilimwitikia amina. Mlipoondoka nilikuwa nimejaa maneno hayo mpaka hapa," akagusa koo, "na tangu siku ile sijaweza kusali."

Yule mtu akakaa chini kando yake. 

Wapendwa, sisi tukifika msibani huwa tumebeba nini? Tunabeba maneno ya watu waliokomaa katika huzuni. Ni maneno mema, na wengine wetu yametulea. Tunampa mtu ambaye huzuni yake imezaliwa jana, tunamtazama akiitikia kwa kichwa, tunasema: ameyapokea. Je, tumewahi kurudi baada ya miezi kumuuliza yalimfanyia nini? Aliyefiwa hujifunza upesi kuitikia amina, ili sisi tuende nyumbani tukiwa na amani. Kisha Jumapili zinapita hatumwoni, tunaulizana kwa nini fulani amepoa kiimani, na mwingine anapendekeza tumpelekee maneno zaidi.

Nguvu ya kulipokea neno gumu huandaliwa ndani ya mtu, mahali tusipofika, na aliyemuumba ndiye anayejua saa yake. Ikifika, mfiwa ataliomba neno hilo mwenyewe. Litunzeni mpaka hapo. Ni wangapi tumewapoteza kwa kuwa hatukuweza kungoja?

Tukitoka hapa tunakwenda nyumbani kwa yule kijana aliyemzika mkewe juzi. Mtamkuta amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Nawaombeni, mwenye ndoo ateke maji. Mwenye shoka apasue kuni. Mwenye kumbukumbu ya marehemu aseme jinsi alivyokuwa akicheka. Asiye na kitu akae naye, hiyo inatosha.

Na akilia, mtu yeyote asimnyamazishe.