Mkate Mmoja wa Jabali Harra

Katika zama ambazo mawe yalikuwa bado yakisikia salamu, mji wa Sahlaba, ulioko jangwani chini ya Jabali Harra, ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Jundubi, mtu mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo, na katika milki yake yote hapakuwa na kitu alichokitamani kama pete ya akiki iliyosemekana kuwa kileleni mwa jabali hilo, ambayo mwenye kuivaa haoni kiu maisha yake yote. Nani aliyeiona? Hakuna. Lakini sultani akiamini uvumi, raia ndio huulipia. Kila mwaka alichagua vijana wenye miguu mizuri na kuwapeleka juu, na kuwaahidi uwaziri na mali, na hakuna aliyerudi, naye akaendelea kuchagua.

Mwaka huo alichaguliwa Sinani, mshonaji wa matandiko ya ngamia, aliyekuwa amemposa Thureya binti Khatwabu na harusi imekwisha kupangwa. Mwezi ukaandama, na mwingine ukaandama, na Sinani hakuonekana. Thureya akamwendea baba yake.

"Baba, nipe radhi zako. Naenda kumtafuta."

"Mwanangu, hata mbuzi hawalipandi jabali lile. Wataka nikuzike?"

"Nikikaa hapa, baba, utanizika vilevile, ila polepole."

Mzee Khatwabu akamfungia mikate ya chumvi na kiriba cha maji, akamwombea dua, kisha akageuza uso ili asimwone akienda.

Enyi wasikilizaji, njia ya Jabali Harra ni njia kwa jina tu. Mwanzo wake ni changarawe inayoserereka, ambayo mtu hupanda na yenyewe humteremsha, na baada ya changarawe ni magenge ya miamba, na juu ya magenge ni magenge mengine, na jua limeyachoma mpaka yana joto la chungu kilichotoka mekoni. Thureya alipanda kwa mikono na magoti, na mawe aliyoyaamini yaling'oka yakamwachia mkono hewani, na viatu vyake vikakatika, akararua ushungi wake akafunga nyayo. Mahali pengine alijibana ndani ya ufa, mgongo ukuta huu na miguu ukuta ule, akajisukuma juu kidogo kidogo huku damu ikimtiririka viwikoni. Akalia, na machozi hayakutoka, kwa kuwa mwili haukuwa na maji ya kutoa. Kufikia hapo hakuamini tena kwamba Sinani yu hai. Aliendelea kupanda kwa sababu ukuta ule ulikuwa mgumu zaidi kuushuka.

Mwisho akafika penye uwanda mwembamba, umejaa mawe marefu yaliyosimama na mengine yaliyojikunja, akaketi katikati yake. Kibindoni mlikuwa na mkate mmoja tu. Akaushika aumege, na watu wa Sahlaba hawali bila kukaribisha, hata awe ni paka anayepita, basi ulimi wake ukasema wenyewe, "Karibu."

Jabali likapasuka na jini akatoka, mrefu na mweusi kama moshi wa tanuri, akakunja miguu mbele yake. "Nimekaribia," akasema.

Sasa, kila mstaarabu wa Sahlaba akikaribishwa hujibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama utumbo unamlilia, na mwenye chakula hula kwa amani. Jini hakulelewa Sahlaba. Vidole vya Thureya vikaanza kuufumba mkate, na hapo akaona kiunoni mwa jiwe lililo kando yake mkanda wa ngozi, na mshono wake aliujua, na juu ya mkanda ule mkono wa jiwe umekunja ngumi.

"Huyo alinikaribisha," jini akasema. "Wote hawa walinikaribisha. Nilipoketi, wakafumba mkono, wakawa mawe."

Thureya akavikunjua vidole vyake, na moyo wake ulikuwa umekufa. "Bwana," akasema, "sikukukaribisha kwa moyo. Ni mazoea ya kwetu, ulimi ulinitangulia. Huu ndio mkate wangu wa mwisho, na bila huu sitafika chini. Lakini neno limekwisha kutoka na silirudishi. Kula."

Jini akala mpaka chembe ya mwisho, na maji kidogo yaliyobaki kiribani akayanywa, na Thureya akamtazama akila na kumchukia.

"Nimekula chumvi yako," jini akasema, "na nina deni la ombi moja. Ila pete usiniombe. Hapa hapajapata kuwa na pete."

"Wafungue wote."

"Mkate ulikuwa mmoja."

Thureya akayatazama yale mawe, na miongoni mwao akamtambua mtoto wa jirani aliyecheza naye utotoni, akamwomba radhi, akataja jina la Sinani. Jiwe likalainika likawa mtu, na kiriba chake kikawa na maji na mfuko wake na tende, ila ngumi ya kuume ilibaki jiwe. "Mkono uliofumba haufunguki," jini akasema, akarudi ndani ya jabali.

Wakashuka, Thureya akitangulia chini na kumwekea Sinani miguu penye mashiko, kwa kuwa mkono mmoja hautoshi katika magenge yale, na nyuma yao yale mawe yalibaki.

Walimkuta Sultani kwenye sinia lake, na kwa mazoea akasema, "Karibuni."

"Tumekaribia," Thureya akasema, akaketi.

Baraza zima likapigwa na butwaa. Mkono wa Sultani ulikwisha kuanza kulifumba pande la nyama, na Sinani akaiweka ngumi yake ya jiwe kando ya sinia na kumsimulia jinsi alivyoipata. Sultani akaukunjua mkono taratibu, na Thureya akala.

"Nimekula chumvi yako, Sultani," Thureya akasema, "nami kama mgeni wako nakudai ulilomwahidi Sinani, na kwamba asipelekwe tena mtu jabalini, kwa kuwa hakuna pete."

Akapewa yote, na harusi ikafanywa, na Sinani akawa waziri. Lakini akina mama wa Sahlaba waliyapanda yale magenge, kila mmoja na mkate wake mmoja, na wachache walirudi na watoto wao, na wengi hawakurudi kabisa. Ndiyo maana wazee husema usimkaribishe mtu kwa mdomo ikiwa mkono haujakubali.

Na kila siku Thureya humlisha mumewe kwa mkono wake, naye Sinani hukaribisha kwanza, kisha hungoja aone kama yupo wa kukaribia. Ile ngumi hulala mkekani kati yao, na ndani yake umo mkate ambao hakuna aliyeula.