Njia ya Koa

Asiyeinama haoni njia ya koa. Mmeisikia leo kwenye kikao cha mfereji mkacheka, mkauliza koa ana habari gani na mambo ya watu wazima. Methali hii ilianza hivi.

Huko Upareni milimani, Bi Nakiete alikuwa na kitalu cha miche ya kabichi. Siku tatu mfululizo aliamka akakuta majani yameliwa, mengine yamebaki mishipa mitupu. Ua lilikuwa zima, basi si mbuzi. Aliyepita hapo kila alfajiri kwenda kuteka maji ni mmoja tu: Navoneiwa, mkamwana wake, aliyeolewa na mwanawe miezi minne tu nyuma, ambaye juzi tu walikwaruzana kwa ajili ya chumvi kwenye mchuzi.

"Funga mzigo wako urudi kwenu," mavyaa akasema. "Umenikomoa vya kutosha."

Navoneiwa akaingia ndani kufunga mzigo. Aachike kwa sababu ya kabichi! Baba yake angeuweka wapi uso wake? Akaenda kitaluni kuchukua jembe alilopewa na mama yake. Alipoinama kuliokota, jua la asubuhi likamwonyesha mstari wa ute unaong'aa udongoni. Ulizunguka mche ulioliwa, kisha ukaelekea kwenye vipande vya mgomba ambavyo Bi Nakiete huvilaza kati ya matuta kutunza unyevu.

"Mama," akamwambia mavyaa aliyekuwa amemfuata, "naomba uiname kidogo."

"Niiname nini? Nimesimama hapa siku tatu, nimeona."

"Nitaondoka, Mama. Lakini inama kwanza."

Bi Nakiete akainama akiguna, mkono kiunoni. Navoneiwa akabinua kipande kimoja. Chini yake walilala koa, wale ndugu wa konokono wasio na nyumba mgongoni, wamejibanza penye unyevu jua lisiwakaushe. Walikuwa wameshiba, na mayai yao yamerundikana kando.

"Yarabi! Kumbe mimi ndiye niliyewatandikia kitanda!" Bi Nakiete akamshika mkono. "Fungua mzigo, mwanangu. Nisamehe."

Navoneiwa akashusha pumzi, akacheka huku machozi yanamtoka. Wakawaokota koa wote, wakahamisha vile vipande vya mgomba, wakazungushia miche majivu makavu. Mchana alipika yeye. Chumvi ilizidi tena, na Bi Nakiete akala mpaka akaramba vidole.

Tangu hapo, kila aliyekuja kwake kumshitaki mwenzake aliulizwa kwanza kama ameinama. Maana asiyeinama haoni njia ya koa.