Kamba Tatu Zilizomvusha Mize

Hapo zamani, kwenye kisiwa kisichokuwa na mkunga, uchungu ulimshika Mize asubuhi. Mumewe Kombo na mkwewe, Mzee Faki, wakampakia kwenye ngalawa wamvushe ng'ambo.

Katikati ya mkondo upepo ukapasua tanga. Ngalawa ikasukumwa kuelekea mwambani. Mize akayasikia mawimbi yakivunjika nyuma yake, akalikumbatia tumbo.

"Tunakufa, Baba?"

Mzee Faki akatia nanga. Kamba yake ya katani, aliyoisokota mwenyewe, ikazama upesi, ikakaza. Ngalawa ikasimama.

"Imeshika," akasema. "Lakini katani huozeshwa na chumvi, na hii ina mwaka mzima. Sijui itastahimili mpaka lini."

Mara ukasikika mlio, kwaa! Gogo la ubavuni linalozuia ngalawa isipinduke likaanza kuachia. Kombo akachukua kamba yake ya ukindu.

"Usiingie majini!" Mize akalia.

Akaingia. Akalifunga gogo, wimbi likambana kwenye gogo, vidole viwili vikasagika. Hakuachia fundo.

Mize akaitazama katani. Ilikuwa ikikatika uzi mmoja mmoja.

Hapo akamwona Bi Time, mtalaka wa Kombo, kwenye fungu la mchanga, upande mkondo unakotoka, akifukua makumbi ya nazi aliyoyaloweka ili asokote kamba. Bi Time aliinua macho. Akasimama. Akasimama tu, Mize akimtazama.

Kisha Bi Time akafunga ncha moja ya kamba yake ndefu ya makumbi kwenye kigingi kilichokuwa mchangani, akairusha. Makumbi hayazami, mkondo ukaileta mpaka mkononi mwa Mize. Katani ikakatika papo hapo. Wanaume wakaivuta ngalawa kwa kamba ile hadi mchangani, na mtoto wa kike akazaliwa pale pale.

Desturi yao ilikuwa moja: aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina.

"Bila katani yangu mngekuwa vipande kabla Time hajainua macho," akasema Mzee Faki.

Kombo akaonyesha mkono wake. "Nanga ilishika, Baba, lakini tulikuwa tunapinduka."

"Kamba zenu zote mbili ziliwaacha palepale baharini," akasema Bi Time. "Makumbi ndiyo yaliyowatoa."

"Ulisimama, Bi Time," Mize akanong'ona. "Nilikuona."

"Nilisimama. Halafu nikarusha. Nani angenilaumu kama ningekwenda zangu?"

Nanyi mnaonisikiliza, semeni: je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?