Nafasi ya Mtu Mmoja Kwenye Benchi

Wapendwa, palikuwa na fundi baiskeli mmoja, mtu wa mikono mizuri na kichwa kigumu. Yeye na ndugu zake watatu walimshtaki jirani aliyesogeza uzio wake mpaka ukameza kaburi la mama yao. Ikafika siku ya kuchagua msemaji wa familia, wakamchagua dada mkubwa. Fundi akanuna. Yeye mwanamume yupo, halafu asemewe? Akaandika barua mahakamani kwa mkono wake mwenyewe: "Najitoa. Kesi hii hainihusu."

Haimhusu! Kaburi la mama yake mzazi! Lakini hasira mnazijua wenyewe. Jina likafutwa, na miaka miwili akawa akiwaona ndugu zake anabadilisha njia.

Wakati huo mahakama iliruhusu wenye kesi waingie kulisafisha kaburi. Asubuhi moja fundi akamkumbuka mama yake, akabeba jembe akaenda. Mlinzi wa jirani akamzuia.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mwanawe."

Mlinzi akatazama karatasi ya mahakama. "Watoto wake hawa hapa, watatu. Wewe humo, kaka."

Fundi akarudi na jembe begani, akilia barabarani mchana kweupe. Kesho yake akapeleka ombi la kurudishwa kwenye kesi.

Siku ya kusikilizwa alisimama mlangoni, hana uso wa kuwatazama nduguze. Wakili wa jirani akainuka. "Mheshimiwa, huyu alijitoa kwa hiari yake, barua yake hii hapa. Na hao ndugu zake waulizwe kama bado wanamtaka."

Je, wewe ungekuwa ndugu yake, ungejibuje?

Hakimu akavua miwani. "Sina haja ya kuwauliza. Tangu ajitoe, hawa hukaa benchi lile la mbele, na katikati yao huacha nafasi ya mtu mmoja. Watu wanasimama ukutani, wao hawasogei. Mimi nilidhani ni jeuri. Ombi limekubaliwa."

Dada wala hakugeuka. Aliondoa tu mkoba wake pale katikati, akasema, "Njoo ukae, wewe. Tumechoka kufukuza watu."

Jamani, na sisi? Kila Jumapili tunamwomba Mungu awarudishe waliotuacha, na huku viti vyao tumeshavikalia! Dada yetu wa kwaya, tuliyekosana naye kwa habari ya sare, alikuwa akikaa benchi la tatu, karibu na dirisha. Mbona pale mmejitandaza na mikoba yenu? Ninawapenda sana, ndiyo maana nawasema.

Sasa msigeuke wote kwa pamoja, mtamtia aibu. Amesimama mlangoni tangu nilipoanza kuhubiri. Nyie wa benchi la tatu, hebu sogeeni.